Nitajuaje kwamba anayeniongoza ni Mungu, wala si hofu yangu?

MjaneTukuyu

Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi wa imani nyingine mnaosoma hapa, nawasalimu kwa heshima.

Nina swali ambalo nimetembea nalo kwa miezi minane, tangu mume wangu alipofariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tuliishi pamoja miaka 16, Mungu akatujalia watoto watatu, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kukata shauri kubwa peke yangu. Hata kuuza debe moja la maharage tulikuwa tukiulizana kwanza, si kwa sababu alinikataza, bali ndivyo tulivyozoea kuishi. Sasa naamka alfajiri na hakuna wa kumuuliza.

Alituachia ekari moja na nusu ya chai, migomba nyuma ya nyumba, miparachichi michanga ambayo haijaanza kuzaa, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mashemeji zangu wanataka shamba la chai liuzwe kabla mwaka haujaisha na fedha zigawanywe. Kaka yangu aliyeko Mbeya mjini ananiita nihamie kwake na watoto. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, na ada ya muhula ujao sijaitimiza. Kila mmoja anataka jibu, na kila mmoja ananiambia nimwombe Mungu anionyeshe.

Nimeomba. Kwa kuwa sikusikia neno, nilianza kufungua Biblia nikiwa nimefumba macho na kuweka kidole. Siku ya kwanza kidole kiliangukia pale Abramu anapoambiwa atoke katika nchi yake, nami siku hiyo hiyo nikaanza kufungasha vyombo. Kesho yake kiliangukia Yeremia sura ya 42, ambapo watu wanaambiwa kwamba wakikaa katika nchi ile Mungu atawajenga wala hatawabomoa, nikafungua mizigo. Siku ya tatu kiliangukia orodha ya majina katika kitabu cha Mambo ya Nyakati, nikalia sana, kwa sababu niliona Mungu amekataa kusema nami.

Yapo mawili mengine ambayo nayaandika kwa aibu. La kwanza ni kwamba mtumishi mmoja aliyepita kijijini kwetu aliniambia kuwa nikitoa sadaka ya kiasi alichokitaja ataniombea nionyeshwe aliyemwondoa mume wangu, na maneno yake yalielekea kwa mama mkwe. Sadaka sikuitoa, lakini neno lile limebaki ndani yangu kama mwiba, na tangu siku hiyo sijaweza kumtazama mama usoni. La pili ni kwamba juma lililopita mtoto wangu mdogo alipata homa usiku, nami nikakaa nusu saa nzima nikiomba ishara kama nimpeleke zahanati, ilhali zahanati iko mwendo wa dakika 20 tu kutoka nyumbani. Mtoto amepona. Lakini nilipokuwa njiani nimembeba mgongoni niliogopa, maana nilitambua kwamba sasa siwezi hata jambo dogo.

Naomba mnaojua mniambie: mtu aliye gizani anautambuaje uongozi wa Mungu katika mambo ya kila siku?

MwinjilistiMstaafu

Amina, na pole sana, mwanangu. Nakuita hivyo kwa kuwa umri wangu unaniruhusu. Nimehudumu katika Kanisa la Moraviani kwa miaka 27 na nimekaa na wajane wengi katika nyumba zenye baridi kama hiyo yako.

Nianze na homa ya mtoto, kwa maana hapo ndipo umejijibu mwenyewe bila kujua. Jambo ambalo wajibu wake unajulikana haliombewi ishara. Mtoto akiugua anapelekwa kwa mganga wa zahanati, ng'ombe akijaa maziwa anakamuliwa, deni likifika siku yake linalipwa au linaombewa muda. Mungu alikwisha kusema juu ya mambo hayo, na anayesubiri aambiwe mara ya pili anajitwisha mzigo ambao hakupewa. Ukiyatoa hayo yote katika hesabu, utaona kwamba maswali yaliyobaki ya kumpelekea Mungu ni machache kuliko unavyodhani. Kwa hesabu yangu ni mawili au matatu.

Kuhusu kidole na Biblia, nisikilize kwa makini, kwa sababu sisi Wamoraviani tuna historia ndefu na jambo linalofanana na hilo. Wamisionari waliokuja Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lililozaliwa Herrnhut, Ujerumani, na tangu mwaka 1728 watu wa Herrnhut walikuwa wakipewa neno moja la Maandiko kwa kila siku, ambalo lilipelekwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 maneno hayo yalitoka kwa mara ya kwanza yakiwa yamechapwa kama kitabu cha mwaka mzima, na hadi leo aya za Agano la Kale za kitabu hicho hupatikana kwa kura. Wazee wetu wa kale walikwenda mbali zaidi: walipiga kura hata katika ndoa na katika kuwatuma wamisionari, na karatasi za kura hazikuwa mbili tu. Moja ilisema ndiyo, moja ilisema hapana, na moja ilikuwa tupu, maana yake subirini, swali bado halijaiva. Baadaye kanisa lenyewe, katika karne ya 19, liliiacha desturi hiyo hatua kwa hatua, kwa kuwa liliona kwamba watu wazima waliopewa akili na ndugu wa kushauriana nao hawapaswi kuikabidhi karatasi kazi hiyo. Neno la siku likabaki, na ni vema likabaki, kwa sababu hulichagui wewe wakati wa hofu yako. Linakukuta. Unalisoma pamoja na maelfu ya watu wengine asubuhi ile ile, na hivyo ni vigumu kuligeuza kuwa barua yako ya siri.

Yupo mtu mmoja ambaye habari yake hunisaidia sana katika hili. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani alifika New York mwezi Juni mwaka 1939, akiwa ametafutiwa kazi huko na rafiki zake ili aepuke hatari ya utawala wa Hitler na vita vilivyokuwa vinakaribia. Hakupata amani. Tarehe 20 Juni aliwaambia wenyeji wake kwamba hatabaki, na katika kumbukumbu zake za siku hizo aliandika kwamba sababu zake mwenyewe hazikuwa wazi kwake. Siku sita baadaye, tarehe 26, alisoma maneno ya Paulo kwa Timotheo, "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi," nayo yakamwandama siku nzima, akayapokea kana kwamba yameandikwa kwake. Mwezi Julai alipanda meli kurudi kwao. Alikamatwa mwaka 1943 na kunyongwa tarehe 9 Aprili 1945.

Tazama mpangilio wa siku hizo, mwanangu. Hakuweka kidole kisha akaamua. Alikuwa amekwisha kuamua kwa yale aliyoyajua, yaani kwamba watu wake walikuwa nyumbani na kwamba hangeweza kushiriki kulijenga upya kanisa lao baada ya vita bila kushiriki mateso yao, na ndipo neno lilipomkuta njiani likamshika mkono. Tena hakuahidiwa kwamba mambo yatamwendea vizuri.

Kisha usome kitabu cha Ruthu, maana kinawahusu wajane watatu. Katika sura zake zote nne hakuna mahali Mungu anaposema na Ruthu kwa ndoto wala kwa malaika. Ruthu aliamka akamwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda kuokota masazo ya mavuno ili wale, na Biblia inasema bahati yake ikamtukia akafika katika shamba la Boazi. Alikuwa anatafuta chakula cha siku moja tu, na uongozi wake ulikuwa humo humo.

La yule mtumishi nitalisema kwa ufupi. Bwana wetu aliwaonya watu juu ya wale wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Roho wa Mungu hamtozi mjane, wala hampi sumu ya kumnywesha mama mkwe wake. Neno hilo usiliombee lithibitishwe au likanushwe, litupe.

Ukhti_Tanga

Assalaam alaykum, na pole, dada yangu. Mimi ni Muislamu na ni muuguzi, nami nimeona nikuandikie kwa sababu swali lako linaulizwa misikitini kwetu kila mara, na kosa la kungoja ishara tunalo vilevile.

Kwetu iko Sala ya Istikhara. Jabir bin Abdullah amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwafundisha masahaba zake kuomba kuteuliwa la heri katika mambo yote, kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Mtu anasali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha anaomba dua ambayo maana yake ni kwamba, ikiwa jambo hili lina heri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wangu, basi nikadirie na unifanyie jepesi, na ikiwa lina shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie la heri popote lilipo, kisha uniridhishe nalo. Watu wengi huimaliza dua hiyo na kwenda kulala wakisubiri waote kitu cheupe au cheusi, ilhali dua yenyewe haitaji ndoto hata kidogo. Inaomba jambo lifanywe jepesi au liepushwe, na wepesi huo huwezi kuuona ukiwa umelala; unauona unapoinuka kulifuata jambo lenyewe. Masheikh wetu hutukumbusha pia kwamba istikhara haiswaliwi kwa la wajibu wala kwa la haramu. Mtoto mwenye homa hana istikhara, na hapo nakubaliana kabisa na mzee aliyetangulia.

Pamoja na istikhara kuna istishara, yaani kushauriana, na hapa kuna jambo ambalo mimi lilinifariji wakati wa giza langu. Kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, Mtume alishauriana na watu wake. Yeye mwenyewe alielekea kubaki Madina, lakini wengi, hasa vijana, walitaka kutoka kuwakabili maadui nje ya mji, naye akafuata rai yao. Siku ile Waislamu wapatao 70 waliuawa, akiwemo ami yake Hamza. Mtu angetarajia baada ya msiba kama huo aambiwe asiwasikilize tena. Lakini aya iliyoshuka baada ya Uhud, katika Surat Aal Imran, inamwamrisha awasamehe, awaombee msamaha, na ashauriane nao katika mambo, na akishakata shauri amtegemee Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo ushauri haukufutwa na matokeo mabaya. Nakuambia haya kwa sababu nahisi unaogopa kwamba ukichagua vibaya itakuwa ushahidi kwamba Mungu hakuwa nawe.

Jambo la mwisho. Mjane wa Kiislamu anakaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika muda huo haruhusiwi kufunga ndoa wala haposwi waziwazi. Nilipofiwa na mume nilikuwa na umri wa miaka 31, na nilidhani eda ni mzigo juu ya mzigo. Nilipoimaliza ndipo nilipoelewa kwamba kulikuwa na rehema ndani yake: kwa muda ule hakuna aliyekuwa na haki ya kunidai jibu. Ninyi labda hamna sheria kama hiyo, lakini sioni kama ni kosa kwako kuwaambia mashemeji na kaka kwamba unahitaji muda, ukautaja kwa tarehe.

NeemaYaAsubuhi

Nawaheshimu waliotangulia, ila naomba tusimvunje moyo dada yetu kuhusu ishara. Gideoni aliweka ngozi ya kondoo kiwanjani, akaomba umande uwe juu ya ngozi tu, kisha akaomba kinyume chake, na Mungu alimjibu mara zote mbili. Mimi mwenyewe nilipokuwa sijui kama nirudi kijijini kumuuguza baba au nibaki mjini kazini, niliomba kwamba simu ikipigwa kutoka nyumbani kabla ya jua kuzama nitakwenda. Ilipigwa saa kumi jioni. Nilikwenda, na baba alifia mikononi mwangu siku 11 baadaye. Hakuna atakayenishawishi kwamba ile haikuwa sauti ya Mungu.

MwinjilistiMstaafu

Sitakushawishi, binti, wala sitaki. Ulikwenda kumuuguza baba yako, na Mungu ni mwema kwa kuwa alikufikisha kwa wakati. Ninachokuomba utazame ni kwamba Gideoni, alipoweka ngozi, alisema yeye mwenyewe, "kama ulivyosema." Alikuwa amekwisha kuambiwa, na ngozi ilikuwa ya kuutuliza moyo wake uliotetemeka. Mungu aliuvumilia udhaifu ule, lakini hatukufundishwa kuufanya kuwa kanuni. Nawe pia nadhani ulikuwa umekwisha kujua kwamba unapaswa kwenda.

MwalimuSongea

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mwalimu mstaafu, na nimeongoza jumuiya ndogo ndogo mtaani kwetu kwa muda mrefu.

Nimesubiri siku mbili kabla ya kuandika, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema lilinigharimu. Mke wangu alipofariki, mwezi wa tatu baada ya mazishi niliomba uhamisho wa shule, nikapangisha nyumba, nikawachukua watoto katikati ya mwaka wa masomo. Niliwaambia watu wote kwamba Mungu ameniambia niondoke. Nilikuwa na aya, nilikuwa na ndoto, nilikuwa hata na padre mmoja ambaye hakunipinga. Ilinichukua miaka miwili kukiri kwamba kilichonihamisha ni kigoda chake kilichokuwa kikibaki kitupu jikoni kila jioni. Kijana wangu wa pili alirudia darasa, na mimi nilikuta kigoda kile kile kitupu katika nyumba mpya.

Baadaye, katika mafungo, nilifundishwa habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola, nikasikitika kwamba sikuzijua mapema. Alikuwa askari, na mwaka 1521 huko Pamplona kombora la mzinga lilimvunja mguu. Alipokuwa amelala akijiuguza aliomba apewe hadithi za mashujaa wa vita, lakini nyumbani mle hazikuwemo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa anawaza pande zote mbili kwa saa nyingi. Aliona kwamba mawazo ya ushujaa na ya mwanamke aliyemtamani yalimfurahisha wakati anayawaza, lakini yakiisha yalimwacha mkavu, ilhali mawazo ya kuishi kama watakatifu yalimwacha na furaha hata baada ya kupita. Kutokana na uangalifu huo wa muda mrefu alikuja kuandika kanuni zake za kupambanua roho, ambazo zimo katika Mazoezi ya Kiroho aliyoyathibitisha Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548.

Kanuni moja kati ya hizo ndiyo ninayotaka kukuachia. Anasema kwamba wakati wa ukiwa, yaani wakati roho imejaa giza, fadhaa na kujiona imetengwa na Mungu, mtu asifanye badiliko lolote, bali adumu imara katika yale aliyokuwa ameyaamua siku iliyotangulia ukiwa huo. Sababu yake ni kwamba katika faraja roho mwema ndiye anayetushauri zaidi, na katika ukiwa ni yule mwovu, na kwa ushauri wake hatuwezi kuipata njia iliyo sawa. Hakusema tukae tu. Anatuhimiza tuongeze sala kidogo na kujichunguza, na tukumbuke kwamba faraja itarudi. Alichokizuia ni kung'oa.

Basi jiulize, mama, wewe na marehemu mlikuwa mmekata shauri gani mlipokuwa katika nuru? Kwa maelezo yako naona machache yaliyo wazi. Mlipanda miparachichi, na hakuna anayepanda mparachichi akikusudia kuondoka mwakani. Mlimpeleka binti shule ya bweni. Mlifuga ng'ombe wa maziwa. Hayo yalikuwa maamuzi ya watu wawili waliokuwa wakisali na kuulizana, na kifo hakikuyatangua. Kwa hiyo huhitaji sauti mpya ili umrudishe binti shule au kupalilia chai. Sauti mpya ingehitajika kama ungetaka kuyaacha. Mzigo wa uthibitisho uko upande wa badiliko, na kwa sasa hakuna badiliko hata moja kati ya hayo uliyoletewa ambalo limeletwa na mtu mtulivu.

Inyasi pia anasema adui hupenda kufichiwa siri zake, na kwamba zikifunuliwa kwa muungamishi mwema au mtu mwingine wa kiroho anayezijua hila zake, hila hizo huvunjika. Lile neno juu ya mama mkwe umelitaja hapa, na ni vema. Sasa mwambie mtu mmoja ana kwa ana, mchungaji wako au mama wa kanisa unayemwamini, ukiwa umekaa naye.

Na ulale, tafadhali. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumletea ujumbe kwanza. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Alikula, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, na sauti ile ndogo ya utulivu aliisikia baada ya safari ya siku arobaini. Mtu anayeamka alfajiri kila siku kwa hofu kwa miezi minane ana njaa ya usingizi, na njaa hiyo huigeuza kila aya kuwa tishio.

MsaidiziWaSheria_Nyanda

Naongeza mafupi, kwa kuwa uongozi wa Mungu huja pia kupitia sheria za nchi. Kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama, hakuna ndugu mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, awe mkubwa au mdogo. Ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe na kusainiwa, na maombi yapelekwe mahakamani. Wewe mwenyewe unaweza kupendekezwa kuwa msimamizi. Kama shamba ni ardhi ya kijiji, mauzo yake hayapiti bila halmashauri ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Tafuta msaidizi wa kisheria katika wilaya yako. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na ni kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa wakili. Usisaini karatasi yoyote unayoletewa nyumbani.

MjaneTukuyu

Nimerudi baada ya majuma matano, nami nawashukuru nyote. Ukhti, nimesoma maneno yako kwa sauti mbele ya dada yangu, naye akasema nikuambie asante kwa Kinyakyusa: *ndaga*.

Kwanza nililala. Dada yangu alikuja akakaa nami siku tisa, akawa anaamka yeye kukamua, na siku ya nne nililala hadi jua likaingia dirishani, jambo ambalo halijatokea tangu msiba. Kisha nikakaa na daftari nikaandika yale ambayo mimi na baba watoto tulikuwa tumekwisha kuyaamua, kama Mwalimu alivyoniambia. Yalijaa ukurasa mmoja na robo. Nilishangaa kuona kwamba hata suala la chai tulikuwa tumelizungumza mwaka juzi, mnunuzi mmoja alipotutaka tumuuzie, na mume wangu alisema kwamba malipo ya majani mabichi ya kila mwezi ndiyo yatakayomsomesha binti hadi mwisho. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nadhani hofu ndiyo iliyonisahaulisha.

Shemeji mkubwa nilimwambia mbele ya mzee wa kanisa kwamba sitasema lolote kuhusu shamba hadi mirathi ifunguliwe. Alikasirika, lakini kikao cha ukoo kimekaa na muhtasari umeandikwa, na majina yaliyopendekezwa ni langu na la mdogo wa marehemu mume wangu. Binti amerudi shule akiwa na nusu ya ada. Mkuu wa shule amekubali nimalizie kwa awamu mbili.

Lile neno nilimweleza mchungaji. Hakusema mengi, aliniuliza tu kama mama mkwe amekula siku hizi. Nilikuwa sijui. Jioni ile nilimpelekea maziwa lita moja na ndizi, nikamkuta amekaa peke yake gizani, amesahau kuwasha taa. Niliiwasha, tukakaa. Hatukuzungumza juu ya chochote kikubwa, aliniuliza habari za ng'ombe. Sasa nakwenda kila baada ya siku mbili.

Biblia sifungui tena kwa kidole. Nasoma neno la siku, na siku ambazo halinihusu nalisoma tu na kulifunga, sitetemeki. Jana lilinihusu. Leo halikunihusu, nikaenda kuchuma chai.

Kuhusu kuhamia Mbeya bado sijui. Nimemwambia kaka kwamba nitamjibu muhula ukiisha, naye amekubali kusubiri. Ng'ombe anatarajiwa kuzaa mwezi ujao.